Malkia wa Chungu Hajulikani kwa Kichwa



Ndugu wasomaji, wazee wetu watukufu na wanafunzi wapenzi, kila mwaka katika ukurasa huu wa maoni huwa tunazungumza mambo ya mahudhurio, adabu za njiani na ada zinazochelewa. Mambo hayo bado yapo, na ada bado zinachelewa. Lakini mwaka huu tunaomba mturuhusu tuzungumze juu ya mdudu, kwa sababu mdudu huyu ametutia aibu sisi waalimu wenu, na aibu hiyo tumeona ni kheri tuiandike kuliko kuificha.

Ilikuwa katika mvua za vuli, baada ya sala ya magharibi. Mvua imekatika kidogo, taa ya barazani imewashwa, na wadudu wa mbawa wamejaa chini yake kama ilivyo kawaida ya Bwejuu mvua zinapoanza. Mwanafunzi mmoja wa juzuu ya Amma akaja mbio na chupa ya jemu. "Maalim, nimemkamata malkia wa chungu!" Ndani ya chupa alikuwemo chungu mmoja mwenye kichwa kikubwa ajabu, utadhani amekiazima kwa mwengine. Alimchimbua chini ya mnazi. Hoja yake ilikuwa moja tu: mwenye kichwa kikubwa ndiye mwenye amri.

Mwanafunzi wa kike wa darasa la juu akamwambia siye huyo. Malkia lazima awe na mbawa, akasema, na akamuonesha wale waliokuwa wakizunguka taa. Wa tatu akawacheka wote wawili. Yeye alisema malkia ni mnene, mweupe, mfano wa kidole gumba, hawezi hata kutembea, na babu yake aliwahi kumfukua katika kichuguu. Ikawa ghasia. Mwisho wote wakatugeukia sisi. Tulikuwa waalimu watatu pale barazani, na hapana hata mmoja wetu aliyejua. Tukawaambia warudi kwenye juzuu zao.

Tokea usiku ule tumesoma, tumeuliza wanaojua, na tumelala kifudifudi chini ya miembe na kioo cha kukuzia mkononi, watoto wakitucheka. Tunayoandika hapa ndiyo jawabu tuliyowakosesha siku ile, pamoja na maoni yetu juu ya jambo jengine lililojitokeza tulipokuwa tukitafuta jawabu hiyo.

Kwanza tuelewane kwa majina. Vitabu vya skuli vinasema sisimizi. Sisi huku tunasema chungu, na kila mmoja tunampa jina lake: siafu, sungusungu, maji moto. Mchwa na kumbikumbi hawamo katika ukoo huu, ijapokuwa wengi wetu tunawachanganya. Mchwa ni jamaa wa mende. Kwa hiyo yule mwanafunzi wa tatu hakusema uongo, babu yake alimfukua malkia kweli, lakini alikuwa malkia wa watu wengine. Kumbikumbi wanaoruka kwenye taa ni wafalme na malkia wapya wa mchwa. Ukitaka kuwatenganisha na chungu mwenye mbawa, tazama kiuno: chungu amebanwa katikati kama aliyefungwa mkanda, na kumbikumbi hana kiuno kabisa, amekwenda sawa mpaka mwisho. Tazama na papasi zake, yaani zile nyuzi mbili za kichwani. Za chungu zimekunjika kama kiwiko cha mkono, na za kumbikumbi zimenyooka kama tasbihi iliyovutwa. Halafu mbawa: kumbikumbi ana mbawa nne zinazolingana urefu, na chungu zake za mbele ni ndefu kuliko za nyuma.

Sasa tumrudie chungu mwenyewe. Mwili wake una sehemu tatu, kichwa, kifua na tumbo, na watu wote hukimbilia kutazama kichwa au tumbo. Siri iko kifuani, ile sehemu ya kati inayobeba miguu. Kifua cha kibarua ni chembamba, mara nyingi kimebonyea kama tandiko la punda. Cha malkia kimenyanyuka na kujaa, kama nundu. Sababu yake ni kwamba malkia huzaliwa na mbawa, na mbawa zinataka misuli ya kuzipigisha, na misuli hiyo inataka nafasi. Kibarua hakuruka wala hataruka, basi hakupewa nafasi hiyo.

Na hapa ndipo yule mwanafunzi wa kike aliposema kweli nusu. Malkia huwa na mbawa siku za mwanzo tu. Hutoka na mvua, huruka, hukutana na dume, hushuka, kisha huzing'oa mbawa zake yeye mwenyewe. Hazimfai tena. Hujificha mahali, hutaga mayai ya kwanza, na katika aina nyingi za chungu hali chochote kwa majuma kadhaa. Ile misuli ya mbawa huyeyuka ndani ya mwili wake na kuwa chakula chake na cha watoto wake wa kwanza. Tulipoisoma habari hii mmoja wetu alinyamaza kimya kwa muda, kisha akasema, "Subhanallah, mama huyu anakula mbawa zake ili alee." Basi malkia aliyekwisha kuanza kazi hana mbawa, lakini kifua kinene kinabaki, na pembeni mwake hubaki makovu pale zilipong'oka. Mwenye kioo cha kukuzia atayaona.

Alama ya pili tunaipenda sisi watu wa madrasa. Juu ya utosi wa malkia, katikati ya yale macho mawili makubwa, mna vijicho vitatu vidogo vilivyopangwa pembetatu. Ni mfano wa nukta tatu za herufi thaa. Vibarua wa aina nyingi za chungu hawana nukta hizo. Tukawaambia wanafunzi: ikiwa mnaweza kutenganisha baa, taa na thaa kwa kutazama nukta, basi na huyu mtamjua.

Alama ya tatu ni tumbo, kubwa na zito kwa ajili ya mayai. Hii ni kweli, lakini ikisimama peke yake ni shahidi dhaifu, kwa sababu hata kibarua aliyeshiba maji matamu huvimba tumbo. Rangi msiitegemee kabisa.

Na yule wa kichwa kikubwa? Yule alikuwa askari. Wapo chungu wadogo wa ardhini wenye vibarua wa namna mbili, wale wa kawaida na wale wenye vichwa na taya kubwa za kupasulia mbegu na kupigania. Kichwa kile hakina nukta tatu, na kifua chake ni chembamba. Si malkia wala si mfalme. Ni mtumishi mwenye silaha. Malkia wake mwenyewe ana kichwa cha kadiri tu, na katika kundi lao huwa si mmoja, ni wengi. Iko tanbihi moja ambayo hatuna budi kuitaja: dume naye ana mbawa, ana kifua kinene, na ana nukta zile tatu. Tofauti yake ni kwamba dume ni mwembamba, kichwa chake kidogo, taya zake dhaifu, na siku zake chache. Kwa hiyo kichwa kinarudi katika hesabu, lakini kwa kumkataa dume, si kwa kumtafuta malkia.

Siafu ana kanuni yake. Malkia wa siafu hakupata kuwa na mbawa hata siku moja, ni kipofu, na urefu wake hufikia sentimita tano. Hakuna chungu mkubwa kuliko yeye duniani. Lile dudu kubwa la rangi ya kahawia, lenye mwili kama soseji na mbawa, linalojigonga kwenye taa usiku, ni dume la siafu, na haliumi. Watoto wanaolikimbia wakapiga mayowe wajue hilo.

Hapa tunaingia katika jambo ambalo wanafunzi wetu wanalijua kuliko wanafunzi wa skuli nyingi. Katika Suratu n-Naml, aya ya 18, yumo chungu aliyewatahadharisha wenzake waingie majumbani mwao wasije wakakanyagwa na jeshi la Nabii Sulayman, alayhi s-salaam. Kitenzi kilichotumika ni qaalat, si qaala. Wanavyuoni wamesimulia kwamba Qatada alipofika Kufa aliwaambia watu wamuulize walitakalo, na Abu Hanifa, akiwa kijana bado, akauliza: chungu wa Sulayman alikuwa dume au jike? Qatada akakosa jawabu. Abu Hanifa akasema jike, na dalili yake ni ile taa ya mwisho katika qaalat. Zamakhshari ameitaja kisa hiki katika tafsiri yake. Wako waliompinga, miongoni mwao Abu Hayyan wa Andalusia, kwamba neno namla lina alama ya kike kwa dume na kwa jike, kwa hiyo kitenzi cha kike kinafuata neno na hakithibitishi jinsia ya mdudu. Tumewasomesha hoja zote mbili na tumewaacha wabishane, maana ubishi wa nahau haujamuua mtu.

Lakini linalotuhusu ni jengine. Wasimulizi wetu wa barazani, na sisi pia tulipokuwa wadogo tulisikia hivyo, husema kuwa aliyenadi alikuwa "malkia wa chungu". Aya haikusema malkia. Imesema chungu. Na ukimtazama chungu wa mwembeni utaona kwamba malkia hasimami mlangoni wala hapigi mbiu. Yeye yumo ndani gizani, anataga. Wanaozunguka nje, wanaoona khatari na kupeana habari, ni vibarua, na vibarua wote wa chungu ni majike. Hatuifasiri aya kwa mdudu wa mwembeni, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi. Tunasema tu kwamba jina la malkia linatudanganya. Huyu hatoi amri. Yeye ni mama wa wote, na akifa yeye, kwa kawaida kundi halina njia ya kumpata mwengine badala yake kama wafanyavyo nyuki. Vibarua waliobaki huzeeka na kuisha mmoja mmoja, na hapana wa kuwafuatia. Na ana umri mrefu: yuko malkia mmoja wa chungu mweusi wa Ulaya aliyetunzwa na mtaalamu akaishi zaidi ya miaka 28. Wanafunzi wetu wote, na baadhi ya waalimu, hawajafika miaka hiyo.

Sasa tuje kwenye aibu tuliyoitaja, maana ile ya kukosa jawabu ilikuwa ndogo.

Mwaka juzi, siku moja kabla ya khitma, sisi wenyewe tulichoma viota vya maji moto katika mwembe wa uwanja wa madrasa. Mnawajua maji moto: ni wale wekundu wa mitini wanaoshona majani yakawa kama mfuko, wakitumia uzi unaotoka kwa watoto wao, ambao huwashika kwa taya kama fundi anavyoshika sindano. Hawana mwiba. Huuma kwa taya kisha hutia tindikali kwenye jeraha, na jina lao limetokana na moto huo. Tuliwaogopea wageni na sahani zao za pilau. Tukafunga makuti kwenye mwichi, tukawasha, tukachoma kiota baada ya kiota, na watoto wakashangiria. Na ni sisi hawa hawa tunaosomesha hadithi ya yule nabii aliyeumwa na chungu mmoja akaamuru kijiji chao kichomwe moto, akalaumiwa na Mola wake kwa kuuangamiza umma mzima. Ni sisi tunaowahifadhisha wanafunzi viumbe vinne visivyouliwa: chungu, nyuki, hudhud na surad. Wako wanavyuoni waliosema kinachodhuru huondolewa, na hilo linafahamika. Lakini sisi tungeweza kuwahamisha wageni upande wa pili wa uwanja. Hapakuwa na dharura. Palikuwa na uvivu.

Kundi moja la maji moto huwa na viota vingi, katika miti kadhaa, na malkia wao kwa kawaida ni mmoja tu, yumo katika kiota kimoja miongoni mwa vyote hivyo. Nje, kiota chake hakina alama. Ukichoma kiota ukamkosa, kundi litashona upya. Ukichoma ukampata, umewaua wote, hata wale walioko mnazi wa tatu ambao moto haukuwafika. Hatujui tulichoma kipi. Tunajua kwamba baada ya miezi michache minazi mitatu iliyopakana na mwembe ule haikuwa tena na chungu mwekundu hata mmoja.

Kwa nini mzee mwenye minazi ajali? Kwa sababu jambo hili liligunduliwa hapa hapa Unguja. Katika miaka ya 1940 na ya 1950 Mwingereza mmoja mtaalamu wa wadudu, Michael Way, aliichunguza minazi yetu iliyokuwa ikidondosha vidaka na vitale kabla ya wakati. Aliyekuwa akiiharibu ni mdudu mmoja wa rangi ya kahawia, jamii ya kunguni wa mimea, anayechoma nazi changa kwa mdomo wake mfano wa sindano. Nazi iliyochomwa hutoa utomvu, hupata makovu, na nyingi huanguka. Wadudu wachache tu wanatosha kuharibu mnazi mzima. Mwaka 1955 wataalamu wakampa mdudu huyo jina la kisayansi linalomkumbuka Way. Na alichokiona Way ni kwamba mnazi wenye maji moto wengi ulisalimika, kwa sababu maji moto humwinda yule mdudu. Aliona pia kwamba wako chungu wa ardhini wanaowafukuza maji moto minazini, na miongoni mwao ni yule wa kichwa kikubwa. Naam, mkaazi wa chupa ya jemu.

Kwa hiyo mtoto wetu alikamata askari wa jeshi linalotuharibia, akamwita malkia; na sisi watu wazima tukachoma jeshi linalotulindia, tukaliita adui. Baina yetu na yeye, yeye ndiye mwenye udhuru.

Na si Unguja tu. Wachina waliweka viota vya ndugu wa maji moto katika michungwa yao kwa zaidi ya miaka elfu moja, wakivinunua sokoni. Bara, Mtwara na Pwani, wataalamu wa kilimo wamejaribu maji moto kwenye mikorosho, na wameona wanapunguza wadudu waharibifu, akiwemo yule yule wa minazi.

Tunajua mtakavyotujibu. Mkwezi atasema: nyinyi mnaandika, mimi ndiye ninayepanda. Ana haki. Mtu aliye juu ya mnazi, mikono yote miwili imeshika, chungu wameingia ndani ya shati, hawezi kuwasikiliza waalimu. Na maji moto si malaika. Huwachunga vijidudu vinavyofyonza utomvu wa majani ili wapate maji yao matamu, na Way huyo huyo aliandika juu ya jambo hili katika mikarafuu ya hapa kwetu. Kwenye mwembe wanamsumbua mchumaji. Hatusemi wapewe kila mti. Tunasema mnazi si mwembe wa barazani. Kwenye mnazi faida yao inajulikana, na Bwejuu bila ya nazi ni kitu gani? Makumbi ya kuzika pwani, usumba wa kusokota kamba, mafuta, tui, makuti ya kuezekea: mama zetu wangapi wamesomesha watoto kwa kamba tu? Kila kidaka kinachoanguka ni kumbi ambalo halitazikwa.

Mkwezi anaweza kusaidiwa. Jivu la kuni mikononi na miguuni humsumbua chungu akashindwa kung'ang'ania; wakulima wa nchi nyingi wanalitumia. Kukwea asubuhi mapema, kabla ya jua kuwachangamsha, nako kunapunguza. Kuna gharama ndogo ya taabu hapo, na tunaona mwenye minazi ndiye anayepaswa kuilipa, kwa kumwongezea mkwezi chochote juu ya ujira wake. Si haki kumwambia mtu aumwe bure kwa ajili ya nazi za mwengine.

Limebaki jambo moja, na hili tunawaandikia wazazi khasa. Elimu hii ya kumjua malkia, ambayo sasa watoto wenu wanayo, ina wanunuzi. Mwezi wa Aprili mwaka 2025 huko Naivasha, Kenya, vijana wawili wa Kibelgiji walikamatwa na chungu karibu 5,000, wengi wao malkia, waliotiwa mmoja mmoja katika vichupa zaidi ya 2,000 vyenye pamba ya maji ili waishi safarini. Mvietnamu mmoja na Mkenya mmoja walikamatwa na mamia wengine. Walikuwa chungu wakubwa wekundu wanaovuna mbegu za majani, na huko Ulaya na Asia wako watu wanaowafuga nyumbani katika masanduku ya kioo na kuwanunua kwa bei kubwa. Tarehe 7 Mei mahakama iliwahukumu wote wanne kulipa shilingi milioni moja za Kenya kila mtu, au kifungo cha miezi 12.

Mtu aliyezoea wizi wa pembe za ndovu atauliza, chungu? Lakini fikirini hesabu yake. Anayechukua kibarua amechukua mmoja. Anayechukua malkia aliyekwisha kupata dume amechukua kundi zima ambalo lingekuwepo kwa miaka mingi. Hatusemi mgeni yeyote wa Bwejuu amekuja na shughuli hiyo. Tunasema fukwe zetu zina wageni kila siku, watoto wetu wana macho makali na hawana fedha, na mtu akimuahidi mtoto noti kwa kila mdudu mwenye kifua kinene na nukta tatu utosini, tunataka mtoto huyo ajue anaombwa nini. Maoni yetu ni kwamba mtoto anayemjua malkia amtazame, amchore akitaka, kisha amwachie. Na mtu mzima anayemwomba amtie ndani ya chupa, aletwe kwa wazee.

Baadhi ya wenzetu walituonya kwamba tukiwasomesha watoto alama hizi tutakuwa tumewafungulia mlango. Tulilijadili hili kwa mabishano makali kidogo, na wengi wetu tukakataa. Mwizi atajifunza alama hizi popote. Anayetuharibia sisi zaidi ni yule asiyejua, anayewasha makuti. Sisi tulikuwa hao.

Mwanafunzi wetu alimfungua askari wake usiku ule ule, baada ya isha, chini ya mnazi aliomtoa. Katika mwembe wa madrasa, tokea masika iliyopita, kiota kimoja kimerudi, kidogo, upande wa kiblani, majani matano yaliyoshonwa. Hatujui wametoka wapi. Tumehamisha busati la darasa la chini hatua kumi kutoka hapo, na karai la jivu limewekwa nyuma ya birika la maji ya udhu. Mkwezi yeyote aliyeitwa kwenye minazi ya jirani anaweza kupita kulichota kabla ya kupanda. Na mzazi mwenye mti wenye viota anaotaka kuuchoma, tunamuomba atwambie siku moja kabla. Alkhamisi alasiri hatuna darasa, na tunao watoto kumi na wawili wenye kioo cha kukuzia ambao watakuja kutazama kwanza.

Wabillahi tawfiq.